Jinsi ya Kuainisha Familia ya Mimea ya Maua kwa Ushahidi wa DNA: Mfano wa Familia ya Mstafeli

Mstafeli, mtopetope, mlangilangi, mkilua na mwashoki unaopandwa kando ya barabara za miji yetu ni mimea ya familia moja, Annonaceae. Familia hii ina spishi takriban 2,400 katika jenasi zipatazo 110, karibu zote za ukanda wa joto, na katika Afrika Mashariki imestawi hasa kwenye misitu ya pwani na ya Milima ya Tao la Mashariki. Kwa muda mrefu wataalamu waliipanga kwa kutazama maua, matunda na chavua, na mipangilio yao haikupatana, kwa sababu sifa ileile ya ua au tunda huweza kujitokeza zaidi ya mara moja katika koo zisizo na undugu wa karibu. Ushahidi wa DNA ulipoanza kutumika, mipangilio hiyo ilipimwa upya, na mwaka 2012 watafiti walioongozwa na Lars Chatrou walitoa uainishaji wa nusufamilia 4 na makabila 14 (kabila ni ngazi iliyo kati ya nusufamilia na jenasi), ambao umekuwa msingi wa kazi zilizofuata.

Mwongozo huu umeandikwa kwa mwanafunzi wa uzamili au mtafiti kijana ambaye amepewa familia kama hii, au sehemu yake, na anatakiwa kuipanga kwa kutumia DNA. Ni vyema aelewe mapema kwamba DNA yenyewe haiainishi kitu chochote. Inatoa makisio ya undugu, na makisio hayo yana nguvu kadiri ya sampuli zilizotumika. Uamuzi wa nani aitwe jenasi gani hufanywa na mtu, baadaye, akiwa na vielelezo vya mimea iliyokaushwa mezani. Ndiyo maana nitakaa zaidi kwenye ukusanyaji wa sampuli na usomaji wa mti wa ukoo, yaani mchoro wa undugu unaojengwa kutokana na DNA, kuliko kwenye mashine.

Swali kwanza

Kabla ya kununua kemikali hata moja, andika kwa sentensi moja jambo unalotaka kuliamua. "Kuchunguza DNA ya Annonaceae" si swali. Maswali yanayofanyiwa kazi ni kama haya: je, spishi zote zilizowekwa katika jenasi fulani zina babu mmoja ambaye hakuzaa spishi za jenasi nyingine? Je, mti huu kutoka Usambara, usiofanana na jenasi yoyote inayojulikana, ni wa kabila gani? Je, jenasi mbili zinazotofautishwa kwa sifa moja tu ya petali zinastahili kubaki mbili? Swali la kwanza linadai uchukue spishi nyingi za jenasi husika pamoja na majirani zake wote. La pili linadai wawakilishi wa makabila yote. La tatu linadai kuchimba kwa kina ndani ya jenasi mbili na kuacha nyingine nyingi kando.

Kanuni inayoongoza uainishaji wa sasa ni kwamba kundi linalopewa jina linapaswa kuwa na babu mmoja pamoja na wazao wake wote. Hapa nitaliita kundi la asili moja. Kundi lililokusanya wazao wa mababu mbalimbali huvunjwa, na lililowaacha nje baadhi ya wazao hupanuliwa au humezwa. Rollinia, jenasi ya Amerika ya joto, ilitenganishwa kwa miaka mingi na Annona kwa sababu petali zake za nje zina mabawa. Tafiti za DNA zilionyesha kwamba Rollinia imechipuka ndani ya Annona yenyewe, na mwaka 2007 Heimo Rainer aliziunganisha rasmi. Mabawa yale ni ya kweli na bado yanasaidia kutambua spishi. Kilichokosekana ni hoja ya kuyafanya mpaka wa jenasi.

Kuchagua spishi

Kosa linaloharibu kazi nyingi hufanyika hapa, kabla hata mtu hajavaa glavu: mtafiti huchukua spishi zinazopatikana kwa urahisi, kisha hushangaa kwamba mti wake haujibu swali. Orodha yako iandaliwe kutoka kwenye majina, na jina la kwanza katika kila jenasi liwe spishi ya kielelezo, yaani ile ambayo jina la jenasi limefungwa kwake. Jenasi ikivunjika vipande viwili, jina la zamani linabaki na kipande chenye spishi hiyo, hata kama ni kidogo kuliko kingine.

Polyalthia inaeleza jambo hili kuliko maelezo yoyote. Ilikuwa jenasi kubwa yenye spishi za Asia, Madagaska na Afrika Mashariki, na DNA ikaonyesha kwamba imekusanya koo kadhaa zisizo na babu mmoja wa karibu. Spishi yake ya kielelezo, Polyalthia subcordata, ni ya Asia. Kwa hiyo spishi zetu za pwani, kama ile iliyoitwa Polyalthia stuhlmannii, hazikuwa na haki ya kubaki na jina hilo, na mwashoki nao ukahamishwa mwaka 2012 na kuwa Monoon longifolium. Mtafiti ambaye angeisahau Polyalthia subcordata angeweza kuonyesha kwamba jenasi imevunjika, lakini asingeweza kusema nani aondoke na nani abaki.

Baada ya spishi za kielelezo, ongeza zile zinazowakilisha tofauti zote za umbo na za kijiografia. Chukua angalau mimea miwili ya spishi moja kila inapowezekana, kutoka mahali tofauti, kwa kuwa mfuatano mmoja wa herufi za DNA hauwezi kukuonyesha kwamba sampuli imechanganyika au imetambuliwa vibaya. Mwisho, weka kundi la nje, ambalo ndilo litakaloupa mti mzizi. Kwa Annonaceae, ndugu wa karibu kabisa ni Eupomatia ya Australia na Guinea Mpya, na ni busara kuongeza Magnolia. Usiiache pia Anaxagorea, jenasi ya Amerika na Asia isiyopatikana Afrika, kwa sababu ndiyo tawi la kwanza kujitenga na familia nzima iliyosalia.

Kazi ya msituni

Vibali hushughulikiwa miezi kadhaa kabla. Nchini Tanzania kibali cha utafiti hutolewa na tume ya sayansi na teknolojia, COSTECH, nchini Kenya na tume ya aina hiyo, NACOSTI, na juu yake huhitajika ruhusa ya mamlaka inayosimamia msitu wenyewe. Ikiwa majani au DNA itavuka mpaka, utahitaji mkataba wa kuhamisha sampuli na cheti cha afya ya mimea. Itifaki ya Nagoya, iliyoanza kutumika mwaka 2014, inayosimamia matumizi ya rasilimali za jenetiki, inahusu mimea moja kwa moja, na majarida ya kisayansi sasa huuliza nambari za vibali kabla ya kuchapisha.

Msituni, kila mti unaochukua jani lake lazima uache kielelezo kilichobanwa na kukaushwa, chenye maua au matunda, kitakachohifadhiwa katika hebaria, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa. Jambo hili halina mjadala. Mfuatano wa DNA usio na kielelezo nyuma yake hauwezi kuhakikiwa na mtu yeyote. Likizuka shaka kwamba mmea ulitambuliwa vibaya, hakuna pa kurejea. Andaa nakala kadhaa: moja ibaki katika hebaria ya nchi, kama ile ya Taifa iliyoko Arusha, ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au ya Afrika Mashariki iliyoko Nairobi, na nyingine ziende kwa wataalamu wa familia hiyo.

Maua ya Annonaceae ni mazito na yenye nyama, na kwenye presi mara nyingi petali hudondoka au hugeuka nyeusi. Weka maua mawili matatu ndani ya kichupa cha ethanoli ya asilimia 70, na uandike lebo kwa penseli na kuitumbukiza ndani, kwa kuwa wino wa kalamu huyeyuka. Katika daftari andika mambo ambayo kielelezo kikavu hakitayatunza: rangi ya petali na hatua ya ukuaji wake, maana petali nyingi za familia hii huanza kijani kisha hugeuka njano au nyekundu, harufu ya ua na ya gamba lililokwaruzwa, kama mmea ni mti, kichaka au mtambaa. Nambari ya mkusanyaji ni moja kwa kielelezo, kichupa, picha na pakiti ya jani.

Jani la DNA liwe changa lakini lililokwisha kufunguka, lisilo na madoa. Kwenye misitu yenye unyevu majani ya zamani huota kuvu-mwani na ukungu juu yake, na DNA ya viumbe hivyo itaingia pamoja na ya mmea. Lipanguse, lirarue vipande vya ukubwa wa kucha, uvitie ndani ya mfuko mdogo wa karatasi kama ule wa majani ya chai, kisha uuzike katika jeli ya silika yenye uzito usiopungua mara 10 ya uzito wa jani. Siku ya pili jani linapaswa kuvunjika likikunjwa. Likiwa bado linapinda, au chembe za kiashirio zikiwa zimebadilika rangi, badilisha silika yote. Jani lililokauka polepole huwa la kahawia, na DNA yake huwa imekwisha kukatika vipande.

Spishi usizoweza kuzifikia utazipata katika hebaria. Omba ruhusa ya maandishi kwa mhifadhi, chukua kipande kidogo kisichoharibu sifa za utambuzi, hasa kutoka kwenye bahasha ya mabaki iliyobandikwa kwenye karatasi ya kielelezo, na uandike taarifa kwamba kimechukuliwa. Vielelezo vilivyohifadhiwa kwa kulowanishwa kwa pombe msituni kabla ya kukaushwa, njia iliyotumiwa sana zamani katika nchi zenye mvua, hutoa DNA hafifu mno. Soma lebo kabla ya kukata.

Kutoa DNA

Njia ya CTAB, sabuni inayopasua seli, iliyoelezwa na Doyle na Doyle mwaka 1987 bado ndiyo tegemeo la maabara zisizo na bajeti kubwa, nami naipendekeza kuliko vifaa vya kununua vilivyofungashwa tayari, ambavyo mara nyingi huziba vinapokutana na ute wa majani ya familia hii. Saga miligramu 20 hivi za jani kavu hadi liwe unga laini. Ongeza bafa ya CTAB ya asilimia 2 iliyotiwa PVP na, ndani ya kabati la hewa, merkaptoethanoli kidogo. Vitu hivi viwili huzuia polifenoli, kemikali za jani lenyewe, zisiungane na DNA. Acha mchanganyiko katika nyuzi 65 za Selsiasi kwa dakika 30 hadi 60, ukiutikisa taratibu mara kwa mara. Ongeza klorofomu na alkoholi ya isoamili kwa uwiano wa 24 kwa 1, changanya, zungusha kwenye sentrifuji, kisha unyonye tabaka la juu pekee. Ni afadhali upoteze sehemu ya tabaka hilo kuliko kugusa utando mweupe ulio katikati. Ongeza isopropanoli baridi kiasi cha theluthi mbili ya ujazo, iache kwenye friza usiku kucha, zungusha tena, osha kwa ethanoli ya asilimia 70, kausha, kisha uyeyushe katika bafa ya TE.

Tazama kitonge kilichobaki chini ya kichupa kabla ya kukiyeyusha, kwa kuwa rangi na umbo lake vinakwambia mengi. Kitonge cheupe au kisicho na rangi ni dalili njema. Cha kahawia kimebeba polifenoli, na PCR yake, yaani kuzidisha nakala za sehemu ya DNA, itagoma hata kama kipimo kinaonyesha DNA nyingi. Kinachoteleza na kutetemeka kama ute kimejaa sukari ndefu. Rudia kwa kuuosha unga wa jani mara mbili tatu kwa bafa ya sorbitoli kabla ya kutia CTAB, na utaona tofauti. Pitisha sehemu ndogo kwenye jeli ya agarosi ili uone kama DNA ni ndefu au imekatika, na pima uwiano wa mwanga wa 260 kwa 280, ambao kwa DNA safi huwa karibu na 1.8.

Sehemu zipi zisomwe

DNA ya kloroplasti ndiyo iliyojenga sehemu kubwa ya uainishaji wa mimea ya maua, kuanzia utafiti mkubwa wa jeni ya rbcL uliochapishwa mwaka 1993 hadi mfumo wa APG, kundi la wataalamu wa undugu wa mimea hiyo, uliotolewa kwanza mwaka 1998 na kurekebishwa mwaka 2003, 2009 na 2016. Kila seli ina nakala nyingi za kloroplasti, kwa hiyo hata jani duni hutoa kitu. Jeni ya rbcL hubadilika polepole na hufaa kwa matawi ya kale. MatK na ndhF hubadilika kwa kasi zaidi. TrnL-F na psbA-trnH husaidia kati ya spishi. Kwa mwanafunzi mwenye fedha kidogo, ninashauri asome sehemu hizi kwa njia ya Sanger, inayosoma kipande kimoja kimoja cha DNA, kwa sababu mifuatano mingi ya Annonaceae ya sehemu hizohizo iko tayari katika hifadhi ya wazi ya mifuatano, GenBank, na ataweza kuilinganisha na yake bila gharama. ITS, sehemu ya DNA ya kiini cha seli, ambayo ni kipenzi cha watafiti wa familia nyingine nyingi, imekuwa ngumu kuzalishwa katika familia hii, na si busara kuiwekea matumaini ya tasnifu nzima.

Hata hivyo kloroplasti nzima hurithiwa kwa pamoja, kwa kawaida kutoka kwa mzazi mmoja. Ukisoma jeni 5 au 80 za kloroplasti umemhoji shahidi yuleyule kwa muda mrefu zaidi. Mimea ya spishi mbili ikiwahi kuzaliana, kloroplasti inaweza kuhamia ukoo mwingine na kutoa mti usiolingana na historia ya mmea mzima. Kwa ajili hiyo kazi mpya hutumia mamia ya jeni za kiini, zinazokamatwa kwa vinasio vya maabara vilivyotengenezwa mahususi. Kuna seti ya jumla kwa mimea yote ya maua, Angiosperms353, iliyotolewa mwaka 2019, na mwaka huohuo Thomas Couvreur na wenzake walitoa seti ya Annonaceae inayolenga eksoni 469, yaani vipande vya jeni vinavyobeba maelekezo ya protini. Njia hii hufanya kazi vizuri hata kwa DNA iliyokatika ya vielelezo vya zamani, na hapo ndipo hebaria zetu zinapopata thamani mpya.

Katika PCR ya kawaida, mizunguko 35 yenye nyuzi 94 za Selsiasi za kutenganisha nyuzi za DNA, 50 hadi 55 za kushikisha praima (vipande vifupi vya kuanzishia nakala) na 72 za kurefusha hutosha kwa kuanzia. Ikigoma, punguza DNA mara 10 au hata mara 50 kabla ya kuongeza chochote, kwa kuwa mara nyingi tatizo ni vizuizi vilivyobaki. Kila safari ya PCR weka kichupa kisicho na DNA. Kikitoa mstari kwenye jeli, tupa safari nzima.

Kusafisha na kupanga mifuatano

Soma kila sehemu kutoka pande zote mbili na utazame vilele vya rangi kwa macho yako mwenyewe pale programu inaposita. Kisha linganisha kila mfuatano na GenBank. Ukiambiwa kwamba jani lako la Uvaria linafanana zaidi na mpapai, kuna mtu aliyeacha kichupa wazi. Katika rbcL na matK tafsiri herufi kuwa asidi amino. Alama ya kukoma katikati ya jeni ina maana ya kosa la kusoma au nakala isiyofanya kazi. Familia hii ina mitego yake pia: mwaka 2007 ilichapishwa taarifa kwamba baadhi ya mimea yake ina nakala za ziada za trnL-F zilizojirudufu zamani, na katika psbA-trnH kuna kipande kifupi kinachogeuka kichwa chini miguu juu baina ya spishi. Kipande hicho kisipogeuzwa kwanza, programu itakihesabu kama mabadiliko mengi wakati ni tukio moja.

Kupanga mifuatano sambamba hufanywa na programu ya MAFFT kwa dakika chache, lakini matokeo yafunguliwe katika programu ya AliView na kukaguliwa safu kwa safu. Sehemu ambazo huwezi kutetea mpangilio wake ziondoe, na useme katika maandishi yako kwamba umeziondoa.

Kujenga mti

Hapa kompyuta hufanya kazi kubwa, nami nitapita haraka. Gawanya data kwa jeni na, kwa jeni zinazotengeneza protini, kwa nafasi ya herufi katika kodoni, yaani kundi la herufi tatu. Acha programu ichague modeli ya mabadiliko kwa kila sehemu. Jenga mti kwa uwezekano wa juu kabisa kwa programu ya IQ-TREE au RAxML, kisha kwa njia ya Bayes katika MrBayes, na ulinganishe. Kwa mamia ya jeni za kiini, jenga mti wa kila jeni peke yake na uiunganishe miti hiyo kwa programu ya ASTRAL, ambayo huzingatia kwamba jeni mbalimbali zinaweza kuwa na historia mbalimbali. Kabla ya kuunganisha kloroplasti na kiini, jenga mti wa kila upande. Vikipingana kwa nguvu, usiviunganishe hadi ueleze kwa nini.

Kuusoma mti

Msomaji asiyezoea hutazama nani ameandikwa karibu na nani ukingoni mwa ukurasa. Mpangilio huo wa juu na chini hauna maana, kwa kuwa kila tawi linaweza kuzungushwa kwenye kifundo chake bila kubadilisha undugu. Kinachosomwa ni vifundo: nani anashiriki babu na nani, na kwa uhakika gani. Uungwaji mkono wa butistrapu, yaani asilimia ya marudio ya hesabu yanayokitoa kifundo hicho, ulio chini ya 70, au uwezekano wa Bayes ulio chini ya 0.95, usitumike kubadilisha jina la mmea wowote. Kwa butistrapu ya haraka ya IQ-TREE kiwango ni 95. Tawi lisiloungwa mkono maana yake ni kwamba data haijajibu, na jibu la aina hiyo liandikwe hivyo hivyo.

Angalia pia urefu wa matawi. Katika Annonaceae kundi linaloitwa leo Annonoideae, alimo mstafeli, lina matawi marefu, na Malmeoideae, ulimo mwashoki, lina matawi mafupi. Tofauti hii ilionekana wazi kiasi kwamba kabla ya majina rasmi watafiti waliyaita kundi la matawi marefu na kundi la matawi mafupi. Kwa vitendo, jeni chache zinazotosha kupanga jenasi za Annonoideae zinaweza kushindwa kabisa katika Malmeoideae, ambako DNA imebadilika polepole. Mwenye swali ndani ya Malmeoideae apange bajeti ya jeni nyingi tangu mwanzo.

Kisha rudi kwenye vielelezo. Mkilua, ambao maua yake hutumiwa na wanawake wa pwani kwa manukato, ni spishi pekee ya jenasi Mkilua iliyoelezwa na Bernard Verdcourt mwaka 1970. Mti wa DNA unauweka katika kabila la Bocageeae, ambalo jenasi zake nyingine zote ni za Amerika ya joto. Mtafiti aliyekutana na matokeo kama hayo kwa mara ya kwanza angekuwa na haki ya kushuku kwamba vichupa vimebadilishana. Njia ya kuondoa shaka ni kurudia kutoka kwenye jani la mmea mwingine wa spishi hiyo, halafu kutazama maumbile: kabila hilo hujulikana kwa vifuko vya chavua vilivyogawanywa ndani kwa kuta ndogo na kwa chavua zinazotoka zikiwa zimeshikamana kwa mafungu. DNA na stameni zikisema jambo lile lile, umbali wa bahari hautoshi kuwa pingamizi.

Mwasumbia ni mfano wa upande mwingine. Mti huu wa Tanzania ulielezwa mwaka 2009 kuwa jenasi mpya yenye spishi moja, Mwasumbia alba, na kupewa jina la kumuenzi mtaalamu wa mimea wa Tanzania, Leonard Mwasumbi. Waandishi walileta mifuatano ya kloroplasti, uchunguzi wa chavua na maelezo ya maumbile katika andiko moja. Spishi peke yake kwenye tawi refu haitoshi kuwa jenasi. Inabidi ionyeshwe kwamba kuiingiza katika jenasi jirani kungeifanya jenasi hiyo isitambulike tena kwa macho.

Kutoka kwenye mti hadi kwenye majina

Mti huohuo unaweza kutoa mipangilio kadhaa iliyo sahihi. Kundi la spishi 60 linaweza kuitwa jenasi moja au jenasi 4, na zote zikawa za asili moja. Kinachoamua ni maswali ya busara: je, kifundo kinaungwa mkono na kloroplasti na kiini pia? Je, kundi linatambulika kwa sifa ambazo mtu msituni au katika hebaria anaweza kuziona bila maabara? Je, ni majina mangapi yatabadilika? Msimamo wangu ni kwamba kati ya mipangilio miwili iliyo sawa kwa DNA, ichaguliwe ile inayobadilisha majina machache, maana kila jina jipya huwagharimu watu wa misitu, dawa na kilimo ambao hawakuuliza swali letu.

Majina yenyewe yanatawaliwa na Kanuni ya Kimataifa ya majina ya mwani, kuvu na mimea. Jina la familia huishia na -aceae, la nusufamilia -oideae, la kabila -eae. Spishi ikihamishiwa jenasi nyingine, jina lake la msingi litajwe kikamilifu pamoja na mahali na mwaka lilipochapishwa. Kundi jipya huhitaji maelezo kwa Kilatini au Kiingereza na kielelezo cha jina, yaani kile ambacho jina limefungwa kwake, kilichotajwa pamoja na hebaria kilipo. Kabla ya kuchapisha, tafuta jina unalolipendekeza katika orodha ya kimataifa ya majina ya mimea, IPNI, pamoja na majina yanayolikaribia. Spishi zetu za pwani zilizotolewa Polyalthia zilipewa mwaka 2012 jenasi mpya, Hubera, lakini jina hilo lilikaribiana mno na Huberia ya familia nyingine, na mwaka 2015 ikabidi libadilishwe kuwa Huberantha. Hivyo ule mti wa pwani, ambao haukuwa umebadilika hata jani, ulipitia majina matatu katika muda wa miaka mitatu.

Andiko likikubaliwa, weka mifuatano yote GenBank ikiwa na nambari ya mkusanyaji na jina la hebaria, na weka faili za mpangilio na za miti katika hifadhi ya wazi. Halafu nenda kwenye hebaria ulikochukua majani, ukabandike karatasi ndogo ya utambuzi mpya kwenye kila kielelezo, yenye jina jipya, jina lako na mwaka, bila kufuta wala kufunika jina lililoandikwa na aliyekutangulia.